Mkono wa Fundi: Kiungo Kisichopiga Kelele



Siku hizi pikipiki si kitu cha matembezi. Ndiyo inapeleka mama sokoni na mifuko ya unga. Ndiyo inatafuta minervali ya watoto. Ndiyo inakimbiza mgonjwa hospitali usiku wa manane. Vijana wetu wanaobeba watu, wale ambao hapa kwetu tunawaita manseba, wanakula juu ya injini moja ndogo, na nyuma ya injini ile kuna nyumba nzima inayongojea jioni. Injini ikikufa, sahani zinapungua.

Basi mwezi huu tuseme juu ya jambo moja ambalo linaua injini nyingi katika maeneo yetu ya migodi, na linaziua polepole. Hatutasema juu ya mafuta mabaya wala mizigo mizito. Tutasema juu ya namna ya kurudisha karbirateri na kisanduku cha hewa kiisha kuviosha.

Kutosha karbirateri na kuiosha, vijana wengi wanajua. Shida inakuja wakati wa kurudisha. Mpira umekuwa mgumu, nafasi ni ndogo, vidole vinauma, jua linazama, na mwenye pikipiki amesimama pale anangojea. Hapo mtu anasukuma kwa nguvu, anakaza koliye juujuu, anawasha, injini inaitika, naye anasema: "Njo vile, imeisha!" Lakini pengine haijaisha. Tuone sababu.

INJINI INAKULA NINI?

Tukitia esanse ndani ya tanki, tunafikiri injini inakula esanse. Kwa kweli, ukipima kwa kilo, inakula hewa karibu mara 15 kushinda esanse. Lita moja ya esanse ina uzito wa gramu 750 hivi. Ili iungue vizuri inataka karibu kilo 11 za hewa, ni kusema zaidi ya lita 9,000. Chukua mapipa ya lita 200 na uyapange kwa mstari: ni mapipa 45 ya hewa kwa lita moja tu ya esanse. Kijana anayetumia lita 4 kwa siku, injini yake inavuta mapipa 180 tangu asubuhi mpaka jioni.

Na hewa ya kwetu munaijua. Wakati wa jua, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, mvua hakuna. Malori ya madini yanapita, na vumbi jekundu linabaki limesimama juu ya njia hata lori likiisha kwenda mbali. Ndani ya vumbi lile kuna chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kushinda chuma cha silinda. Chembe zikiingia zinachanganyika na mafuta ya injini, na mafuta yanakuwa kama dawa ya kusagia vyuma. Pistoni inapanda na kushuka mara elfu kadhaa kwa dakika moja, na kila mara inasaga kidogo. Haisagi leo ikaisha leo. Inasaga kama maji yanavyokula ukingo wa mto.

Baba anayefanya kazi mgodini anajua habari ya maski. Maski nzuri isiyoshika uso sawasawa haisaidii, sababu hewa inapenda njia nyepesi. Itapita pembeni, mahali pasipo na kizuizi, pamoja na vumbi lake. Filtri ya pikipiki iko vilevile. Unaweza kununua filtri mpya kabisa; kama mpira wa nyuma ya karbirateri haukukaa mahali pake, injini inapumua pembeni, na feza yako ya filtri umeitupa.

VIUNGO VIWILI

Karbirateri inakaa katikati. Mbele yake kuna injini. Nyuma yake kuna kisanduku cha hewa, kile mafundi wanaita boati, ambamo filtri inakaa. Kwa hiyo kuna viungo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na tabia zao hazifanani.

Kiungo cha mbele, kati ya karbirateri na injini, kinapiga kelele. Kama kinavuja, injini inavuta hewa ya ziada ambayo karbirateri haikuipima. Esanse inakuwa kidogo, hewa inakuwa mingi. Utaona ralanti inapanda yenyewe au inacheza-cheza, kuwasha ni shida, moshi unapasuka ndani ya bomba unapoachilia gazi, na injini inapata moto sana. Siku ileile utarudi kwa fundi.

Kiungo cha nyuma, kati ya karbirateri na kisanduku, hakisemi kitu. Kama kinavuja, injini inawaka vizuri. Inavuta vizuri. Mteja anafurahi, fundi analipwa, kila mtu anaenda kwake. Kumbe vumbi linaingia kila siku. Miezi inapita, halafu moshi wa buluu unaanza kutoka, mafuta ya injini yanapungua bila kumwagika chini, mlima ambao pikipiki ilikuwa inapanda na watu wawili sasa inaukataa. Wakati ule ringi za pistoni na silinda zimekwisha kuliwa. Koliye ni kitu kidogo sana. Kuchonga silinda upya na kununua pistoni ni jambo la kuuza mbuzi.

Shika hili neno, ndugu msomaji, maana yote yanayofuata yanatoka humo: kiungo kinachopiga kelele kinakusumbua, lakini kiungo kisichopiga kelele ndicho kinachoua.

"MINATOSHAKA ILE BOATI"

Kuna vijana wanaofanya kinyume kabisa. Utawasikia: "Mi minatoshaka ile boati, moto inakuwa na nguvu. Sikia vile inalia!" Kijana wangu, kulia si kuwa na nguvu. Hata mtoto mgonjwa analia. Kisanduku kinapunguza sauti ya hewa inapoingia, ndiyo sababu ukikitoa unasikia mngurumo. Tena vitundu vya karbirateri, zile jikleri, zilipimwa pamoja na kisanduku kile. Ukikiondoa, kipimo kinaharibika: hewa inazidi, esanse inapungua, injini inachomeka. Wakati wa mvua maji yanayorushwa na gurudumu yanaingia moja kwa moja. Na wakati wa jua, vumbi.

Fikirini jambo hili. Pikipiki nyingi za 125 zinazotoka China zina injini iliyofuata mfano wa Honda CG125, iliyotokea mwaka 1976. Honda waliitengeneza kwa ajili ya nchi ambamo pikipiki inabeba mizigo mizito na inatunzwa kidogo. Waliondoa mambo mengi yanayoharibika upesi. Lakini kisanduku cha hewa na filtri hawakuviondoa. Kama watu waliotafuta injini ya kuvumilia taabu zote hawakuthubutu kuiacha bila filtri, sisi wa njia za vumbi tutathubutu namna gani?

MBELE YA KUANZA

Tafuta mahali pa wazi, nje, mbali na mbabula ya mama, mbali na mshumaa na sigara. Moshi wa esanse hauonekani, tena ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama nyoka mpaka unapata makaa, na moto unarudi mpaka kwenye mikono yako. Usifanye kazi hii ndani ya nyumba usiku.

Esanse usiiweke hata siku moja ndani ya chupa ya maji au ya limonadi. Mtoto ataona chupa, atakunywa. Na kama imetokea, usimlazimishe kutapika, sababu esanse ikirudi inaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo hatari kubwa. Mpeleke hospitali mara moja. Wewe pia usinyonye esanse kwa mdomo kwa kutumia mpira. Funga robine, legeza viisi ya chini ya kikombe cha karbirateri, iteremke yenyewe ndani ya bidoni.

Andaa kle ya 10, turnevisi mbili, pensi, sahani safi ya kuwekea viisi, maji ya uvuguvugu na sabuni, na vitambaa safi. Ukiisha kutoa karbirateri, ziba mdomo wa injini kwa kitambaa kikubwa cha rangi kali, kipande cha kitenge kwa mfano, na ukiache kining'inie nje. Kitambaa kidogo cheusi kinasahaulika, na injini inakimeza.

FILTRI NA KISANDUKU

Angalia kwanza filtri yako ni ya namna gani. Kama ni ya sponji, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uifinye bila kuisokota, uiache ikauke kabisa kivulini. Halafu itie mafuta kidogo ya injini, uifinye tena mpaka isidondoke. Sponji kavu inaacha vumbi dogo lipite. Mafuta ndiyo yanalikamata. Usiioshe kwa esanse: inakula gundi, na ni hatari ya moto. Kama filtri ni ya karatasi, usiioshe wala usiitie mafuta. Igonge polepole, na kama imejaa au imetoboka, nunua ingine.

Kisha pangusa kisanduku ndani, na hapa fungua macho. Kifuniko chake kina mpira wa kuzunguka, uko mzima? Chini yake mara nyingi kuna kimpira kifupi kilichozibwa, cha kukusanya maji na mafuta. Katika pikipiki zingine tundu lile liko upande wa hewa safi, na kama kimpira kimepotea umeacha dirisha wazi. Kama kuna mpira mdogo unaotoka injini na kuingia kisandukuni, nao una mahali pake. Usiuache ukining'inia na tundu wazi.

Sasa shika ule mpira mkubwa unaounganisha kisanduku na karbirateri. Ukunje kwa vidole, uvute, uuangalie kuelekea mwanga wa jua. Nyufa zinajificha katika mikunjo. Mpira uliopasuka usiufunge kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu ukasema umetengeneza. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu. Tafuta mwingine, hata wa pikipiki iliyokufa, mradi uwe mzima na wa kipimo kile.

KURUDISHA, HATUA KWA HATUA

1. Legeza kisanduku. Wengi wanajaribu kuingiza karbirateri huku kisanduku kimekazwa kwenye shasi, na hapo ndipo mpira unajikunja. Ondoa vifuniko vya pembeni, na kiti kama kinazuia. Legeza viisi za kisanduku, kisukume nyuma. Kila sentimeta unayopata nyuma ni nguvu unayookoa mbele.

2. Lainisha mpira. Uweke ndani ya maji ya moto ya kuvumilika kwa mkono, au uuache juani. Halafu upake maji ya sabuni kwenye mdomo wake. Sabuni inateleza, kisha inakauka na mpira unashika. Usitumie esanse wala grisi: esanse inavimbisha mpira, na grisi inauacha uteleze hata kiisha kufunga.

3. Angalia kiungo cha mbele. Kati ya karbirateri na injini kuna kipande kinene cheusi. Kazi yake ni kuzuia joto la injini lisichemshe esanse. Usikitupe, wala usikatilie kartoni mahali pake. Pande zake kuna jointi za mpira za mviringo. Kama imekuwa bapa na ngumu kama kucha, badilisha. Pangusa nyuso zote mbili, hata chembe moja ya mchanga isibaki.

4. Vaa koliye mbele. Ivishe kwenye mpira wa kisanduku mbele ya kuingiza karbirateri, ikiwa imelegea, na kichwa cha viisi kielekee upande ambao turnevisi yako itafika. Ukisahau, utatoa kila kitu tena.

5. Anza na nyuma. Ondoa kile kitambaa cha kitenge kwenye mdomo wa injini. Ingiza mdomo wa nyuma wa karbirateri ndani ya mpira kwa kuuzungusha kidogo kushoto na kulia, kama mtu anayeingiza kizibo. Ukiisha kuingia, sukuma karbirateri na mpira kwa pamoja nyuma, halafu ulete mbele kwenye viisi mbili za injini.

6. Kaza mbele kwa zamu. Kaza kidogo huku, kidogo kule, mpaka zote mbili zimeshika. Kle fupi na mkono mmoja vinatosha. Ukikaza kwa hasira, uso wa karbirateri unapinda, na ukiisha kupinda utavuja hata ukiweka jointi mpya.

7. Sasa pitisha kidole. Hii ndiyo hatua ambayo mafundi wengi wanairuka, nayo ndiyo yenye bei kubwa. Mbele ya kukaza koliye, pitisha kidole kuzunguka mpira wote wa nyuma: juu, pembeni, na hasa chini, ambapo macho hayafiki. Mdomo wa mpira uwe umelala sawa pande zote. Kama kidole kinasikia ukingo umejikunja ndani, au mahali pamoja karbirateri inaonekana wazi, toa, rudia. Chini ndipo unapojikunja zaidi, na chini ndipo vumbi la gurudumu linapopiga.

8. Kaza koliye, kisha rudisha kisanduku mbele na ukaze viisi zake. Halafu pitisha kidole tena. Pengine wakati wa kusukuma kisanduku mpira umesogea.

9. Rudisha gazi. Ile pistoni ndogo ya gazi yenye sindano ina mfereji ubavuni; mfereji ule unapaswa kukutana na kijino chake ndani. Ukikutana, inashuka yenyewe bila nguvu. Ikikataa, usiigonge; izungushe polepole. Mbele ya kuwasha, vuta gazi na uachilie: usikie "ta!" inapoanguka. Zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, uvute na kuachilia, halafu kulia. Kama gazi inabaki wazi, usiwashe. Pikipiki yenye gazi iliyokwama imekwisha kuua watu.

10. Mipira midogo inayoshuka kutoka karbirateri usiizibe. Mmoja ni wa kupumua. Ukizibwa, esanse inakataa kushuka, na wewe utafikiri robine imeharibika.

Neno moja juu ya ile viisi ndogo ya kupimia mchanganyiko. Kama utaitoa, kwanza ikaze polepole huku unahesabu mizunguko mpaka iguse tu. Andika hesabu ile kwenye karatasi. Ukirudisha, ikaze mpaka iguse, uifungue kwa hesabu ileile.

MAJARIBIO MATATU

La kwanza: fungua robine, ngoja dakika tano bila kuwasha. Pangusa chini ya karbirateri kwa kitambaa kikavu. Kama kinalowa, tafuta chanzo kwanza. Usiwashe injini juu ya esanse inayovuja.

La pili, kwa kiungo cha mbele: washa, acha ipate joto kidogo, iache kwenye ralanti. Dondosha maji kidogo kuzunguka kiungo cha mbele. Sauti ikibadilika, kinavuja. Wengine wanafanya jaribio hili kwa esanse. Usithubutu. Maji yanatosha, na maji hayachomi mtu.

La tatu, kwa kiungo cha nyuma, kile kisichosema. Hapo sauti haitakusaidia, inakupasa kuuliza kwa kidole. Ukiisha kupangusa mpira ndani mpaka ung'ae, paka grisi nyembamba sana ndani yake katikati, mbali na mdomo unaoshika karbirateri. Funga kila kitu, endesha juma moja katika njia zako za kila siku. Halafu toa filtri na uingize kidole upande wa hewa safi. Kama grisi iko safi, ni alama njema. Kama ina rangi nyekundu, vumbi limepita, na alama zake zitakuonyesha upande lilikotokea. Pangusa, rudia hatua ya tano mpaka ya nane.

KWA WENYE PIKIPIKI KUBWA ZA ZAMANI

Kuna jamaa waliorithi pikipiki kubwa za silinda nne, za mfano ule ambao Honda CB750 iliuleta mwaka 1969, yenye karbirateri nne kwa mstari. Hapo viungo si viwili, ni vinane, na zote nne zinapaswa kuingia kwa pamoja. Kanuni haibadiliki: legeza kisanduku, lainisha mipira, vaa koliye zote mbele, usitumie nyundo wala chuma cha kukongoa. Ila kidole kipite kwenye kila mdomo, mmoja mmoja. Ile miwili ya katikati ndiyo inafichika zaidi, basi ianzie hapo. Mdomo mmoja uliojikunja unatosha kuua silinda yake, huku tatu zingine zinaendelea kuimba.

KAZI ISIYOONEKANA

Sasa tuseme na vijana wetu wanaojifunza ufundi. Mteja wako anajua kusikia injini ikiwaka. Anajua kuona tanki limepanguswa. Lakini hajui kuingiza mkono chini ya kiti na kupima mpira wa nyuma. Mahali pale uko peke yako. Ukiacha mpira umejikunja, hakuna mtu atakayekukamata leo, wala kesho, wala mwezi ujao. Siku silinda itakapokwisha, watasema pikipiki ilikuwa ya zamani. Na wewe mwenyewe pengine utaamini hivyo.

Lakini kuna mtoto aliyefukuzwa shule juu ya minervali, na hajui kwamba minervali yake ilipotea chini ya kiti cha pikipiki, kwa koliye moja isiyokazwa. Ndiyo sababu tunasema kidole kipite mara mbili. Dakika moja ya kidole ni heshima unayompa mtu asiyekuona.

Na wewe mama, wewe baba, unayepeleka pikipiki ya nyumba kwa fundi, usiulize tu: "Imewaka?" Uliza: "Mpira wa nyuma umekaa? Nionyeshe." Fundi mwema hatakasirika. Atafungua kifuniko, atakuonyesha, naye atafurahi kwamba mtu ameona kazi yake. Ukitaka kununua pikipiki ya mkono wa pili, fanya vilevile. Mbele ya kusifu rangi, omba filtri itolewe na uingize kidole ndani ya mpira. Kidole kikitoka chekundu, punguza bei au urudi nyumbani na feza yako.

Kazi ya juma hili ni hiyo basi. Jumamosi asubuhi, mbele ya pikipiki kutoka lupangoni, fungueni kifuniko cha pembeni pamoja na watoto wakubwa, wasichana na wavulana. Toeni filtri, pitisheni kidole. Mukiona vumbi, sasa munajua kinachobaki kufanya.

Mwezi ujao tutasema juu ya mnyororo na meno yake. Mubaki salama, na njia njema.